Kufunika sura kwenye picha za programu ya simu: somo kwa wanaotumia Glide

Somo la toleo hili ni la wenzetu wanaojifunza kuandika programu za Android. Hata asiyeandika msimbo asiliruke, hasa kama picha yake imo kwenye albamu ya jumuiya.

Tuchukue programu ya kawaida ya jumuiya ya wanafunzi: ratiba ya darsa, matangazo ya futari, na albamu ya ziara. Baada ya ziara ya msikiti wa Old Kampala, dada mmoja anasema, "Picha ya pamoja iwekeni, ila sura yangu isionekane." Tangu nianze kusaidia kutunza programu ya jumuiya yetu, ombi la namna hii nimelipokea zaidi ya mara moja. Jibu la kwanza la mwandishi wa programu huwa ni kuandika badiliko la picha ndani ya simu. Nitaeleza namna ya kuliandika vizuri, kisha nitasema kwa nini kwa ombi la dada huyu halitoshi.

Kwanza, kazi ya maktaba ya picha. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa hula baiti 4 kwa kila pikseli, yaani takriban MB 48 za kumbukumbu kwa picha moja. Fungua kumi za namna hiyo kwenye simu ya bei nafuu, programu itazimika. Ndiyo maana tunatumia Glide, au Picasso ya Square, au Coil. Maktaba hupakua picha, huipunguza ilingane na kisanduku chake kwenye skrini, huiweka akiba, na huionyesha. Ukitaka kuiongezea jambo lako, kama kukata duara, kuondoa rangi au kufunika sehemu, unaandika badiliko lako nayo inaliita baada ya kupunguza.

Katika Glide unaunda darasa linalorithi BitmapTransformation na kuandika kazi iitwayo transform. Inakupa picha iliyokwisha kupunguzwa, upana na urefu unaotakiwa, na dimbwi la bitimapu zilizotumika zamani. Chukua bitimapu tupu kutoka dimbwini badala ya kuunda mpya kila mara, chora picha juu yake, kisha paka eneo la sura. Wengi hupenda ukungu au vigae kwa sababu vinapendeza. Mimi napaka rangi moja isiyopenyeka, kwa kuwa ukungu hafifu haumzuii mtu anayemfahamu dada kumtambua. Picha uliyopewa usiiharibu wala usiiachilie mwenyewe. Glide ndiyo yenye kuirudisha dimbwini. Kwenye Picasso sheria ni kinyume: ukirudisha picha mpya, ile ya zamani ni juu yako kuiachilia.

Sasa vipimo. Ukiandika kwamba sura iko pikseli 2100 kutoka kushoto, umepima kwenye picha asilia, ilhali transform inapokea picha yenye upana wa pikseli mia chache tu. Utapaka nje ya picha na sura itabaki wazi. Andika eneo kwa sehemu: sura inaanzia 0.52 ya upana na 0.30 ya urefu. Pima picha ikiwa imesimama wima kama itakavyoonekana, kwa sababu Glide huigeuza kufuata maelezo ya kamera kabla ya kukukabidhi.

Mpangilio nao una mtego. Mtu anaandika transform yenye badiliko lake, halafu mstari unaofuata anaongeza centerCrop ili picha ijae kisanduku. Anadhani yatafanyika yote mawili. Katika Glide wito wa pili unafuta wa kwanza, kimya kimya, bila onyo. Picha inajaa kisanduku vizuri sana, na sura ya dada iko peupe. Yapitishe yote mawili ndani ya transform moja, la kufunika likitangulia na la kukata likifuata. Ukikata kwanza, zile sehemu ulizopima zinahama.

Sehemu inayohitaji subira kuliko zote ni ufunguo. Glide ikishatengeneza picha huiweka akiba, na kila inapoombwa tena hujiuliza: je, hii ndiyo ile ile? Kwa akiba ya kumbukumbu hutazama equals na hashCode za darasa lako. Kwa picha zilizobadilishwa zinazowekwa kwenye diski, hutazama baiti ulizoandika katika updateDiskCacheKey. Usipoandika equals na hashCode, kila badiliko linaonekana jipya, akiba ya kumbukumbu haisaidii, na albamu inakwamakwama mtu anapoiteremsha kwa kidole. Hilo ni kero tu. Hatari ni kuziandika kwa jina la darasa peke yake.

Fikiri: jana picha ilikuwa na eneo moja la kufunika. Leo dada wa pili ameomba naye afunikwe, kwa hiyo orodha ina maeneo mawili. Anwani ya picha ni ile ile, ukubwa ni ule ule, jina la darasa ni lile lile. Kama maeneo hayamo kwenye ufunguo, Glide inasema "ninayo tayari" na kuleta picha ya jana. Umeandika msimbo sahihi wa kupaka, ila haukuitwa. Kwa hiyo kila namba inayobadilisha matokeo iingie mahali pote patatu: equals, hashCode, na baiti za diski. Coil imerahisisha kwa kutumia neno moja, cacheKey, lakini swali ni hilo hilo.

Tuseme umeyafanya yote hayo. Picha asilia iko wapi? Kwa kawaida yake, Glide inapopakua kutoka mtandaoni huweka kwenye diski ya simu data kama ilivyotoka kwa seva, kwa kuwa kupakua upya ni ghali kuliko kupunguza upya. Yaani sura isiyofunikwa imelala ndani ya kila simu iliyofungua albamu. Unaweza kuchagua DiskCacheStrategy.RESOURCE ihifadhiwe iliyobadilishwa tu, lakini seva bado inampa picha kamili yeyote mwenye anwani yake. Badiliko la ndani ya simu hubadilisha kinachoonekana kwenye skrini, faili halikuguswa. Na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahesabu taarifa inayomtambulisha mtu kuwa ni data yake binafsi, iwe imerekodiwa kwa namna yoyote.

Kwa hiyo rangi, duara na kingo viacheni kwenye simu. Sura ifunikwe kabla picha haijapanda kwenye seva, kwa mkono wa mtu aliyeiona. Ombi jipya likija, pandisha faili jipya kwa anwani mpya ili akiba za zamani zisilijibu, kisha ufute lile la kwanza. Simu zilizokwisha kulipakua zitaendelea kuwa nalo kwa muda, na dada aambiwe hivyo waziwazi. Papo hapo punguza na ukubwa wa faili: tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, na hakuna sababu ya mtu kununua MB 3 ili aone kisanduku kidogo.

Badiliko lako, hata likiwa la mapambo tu, lipime hivi. Pakia picha moja mara mbili kwenye kurasa mbili, anwani moja na ukubwa mmoja, ila namba tofauti: ukurasa wa kwanza eneo moja, wa pili maeneo mawili. Weka RESOURCE ili akiba ya diski nayo ipimwe. Fungua wa kwanza, kisha wa pili. Funga programu kabisa, zima data, ufungue tena kurasa zote mbili. Ukiona wa pili una eneo moja tu, rudi kwenye equals, hashCode na updateDiskCacheKey kabla hujagusa kitu kingine.