Nguvu ya Vidole Iko Wapi?

Kabla hujaendelea kusoma, shika mkono wako wa kushoto katikati ya kiwiko na kifundo, halafu ukunje vidole vya mkono huo. Umesikia kitu kinasonga chini ya ngozi? Hiyo ndiyo misuli inayovikunja. Ndani ya kidole chenyewe hakuna misuli ya kukikunja. Kinavutwa na kano ndefu, kama kamba, kutoka huko juu.

Kuanzia kifundo hadi ncha za vidole kuna mifupa 27: 8 ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Gumba lina 2 tu, vingine 3 kila kimoja. Lakini ni hilo gumba linalokutana na wenzake wote. Bila hilo, kushika jembe ni taabu.

Mbona nawafundisha haya? Mimi ni nesi. Naona mtu amekatwa na panga kiganjani, anafunga kitambaa, damu inakoma, anarudi shambani. Ngozi inapona, kidole hakikunjiki. Kano ikikatika kabisa hushonwa na daktari, na mapema ndiyo bora.

Kwa hivyo ukijikata, jaribu kukunja kila kidole hadi pingili ya mwisho. Kikikataa, au kikifa ganzi, enda hospitali siku hiyo hiyo. Jeraha la kina pia lipelekwe. Kuomba tuombe, lakini tukiwa njiani. Hata Mtume Paulo alijilisha kwa mikono yake, akishona mahema.