Dondoo muhimu: Nyumba ya mlimani na usiku wa giza

Kwenye vilima vya Mabatini, Igogo na Bugando jijini Mwanza, nyumba nyingi zimeegemea miamba. Mandhari ni mazuri, ila jiwe lililo nyuma ya nyumba ni ngazi ya bure: mwizi hulitumia kushuka hadi juu ya bati. Nondo za madirisha ya mbele pekee hazitoshi. Ukaguzi uanzie dirisha dogo la choo, mlango wa uani na dari, na taa moja imulike upande wa mwamba.

Mvua kubwa ikipiga bati, hata mlango ukivunjwa hausikiki. Komeo la ndani ni lazima.

Wavuvi wa dagaa wana shida yao. Huingia ziwani usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapowaka, hivyo familia hubaki peke yake usiku ule ule anaoupenda mwizi. Injini ya boti ikiletwa nyumbani, ifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo ya zege, na namba yake iandikwe kwenye daftari.

Jirani bado ni ulinzi wa bei nafuu. Sungusungu, walinzi wa jadi waliochipuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitegemea hilo hilo: yowe likipigwa, kijiji kizima nje. Leo anayesafiri amwarifu balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, si wafuasi wake wa Instagram. Nyumba ikivunjwa, polisi wapigiwe 112, na kitasa kisiguswe hadi wafike.