Kutoka shahada ya wanyamapori hadi ushauri wa mazingira

Swali: Mhitimu wa baiolojia ya wanyamapori aliyeko Ruiru huanzia wapi ili awe mshauri?

Jibu: Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 inataka athari za miradi mikubwa zitathminiwe kabla ya ujenzi, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo husajili wataalamu wa tathmini hiyo. Mhitimu aliyesomea tathmini huanza chini ya mtaalamu mkuu. Kazi ipo karibu: mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika yanageuka mitaa ya nyumba, na kingo za mto Chania zimebaki kimbilio la ndege na vyura. Ripoti iliyoandikwa bila kukanyaga kingo hizo huwasaliti viumbe hao. Kuwatambua kwa sauti, masika na kiangazi, hujifunzwa nyikani. Pa kujifunzia hapako mbali: Mbuga ya Ol Donyo Sabuk, iliyotengwa 1967, iko karibu na Thika.