Mahali pa Kuwekea Baiskeli Shuleni

Shauri kwa Wazazi, Walimu na Bodi za Shule

Zamani baiskeli ilikuwa mali ya mwalimu, karani, au mchuuzi wa samaki. Mtoto wa shule alikwenda kwa miguu, na ikiwa shule ilikuwa mbali, aliamka kabla ya jogoo. Siku hizi katika sehemu nyingi za Kenya, hasa kwenye nchi tambarare za magharibi na za pwani, mzazi aliyejaliwa hujinyima ili mwanawe apate baiskeli ya kwendea shule ya sekondari. Lakini mara nyingi baiskeli hiyo ikifika shuleni haina mahali pake. Huegemezwa ukutani, au hulazwa chini ya mti, na mwenyewe huingia darasani huku moyo wake umebaki nje.

Katika somo hili tutaeleza kwa nini yafaa kila shule yenye baiskeli iwe na mahali pa kuziweka, na jinsi ya kupatengeneza bila gharama kubwa.

Faida ya baiskeli kwa masomo

Si maneno ya kubuni kusema kwamba baiskeli humsaidia mtoto kusoma. Katika Bihar, jimbo la India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa shule za sekondari fedha za kununulia baiskeli. Wataalamu waliochunguza jambo hilo waliona kuwa idadi ya wasichana walioandikishwa katika shule hizo ilizidi kwa 32 katika kila 100. Kadhalika katika Zambia, wasichana waliokaa kilometa 3 au zaidi kutoka shuleni walipewa baiskeli, na baada ya mwaka mmoja muda wao wa safari ulipungua kwa karibu thuluthi moja, na siku za kukosa shule zilipungua kwa 28 katika kila 100.

Basi fikiri mambo yatakavyokuwa baiskeli ikiibwa, au gurudumu lake likipindwa. Mtoto aliyekwisha kuzoea kufika mapema hurudi kwenda kwa miguu. Huchelewa, huadhibiwa, huchoka. Na akiwa msichana, hupita tena vichakani gizani asubuhi na jioni. Wengine huacha shule kabisa. Tena mzazi aliyeuza mahindi yake ili anunue baiskeli hana mahindi mengine ya kuuza. Hasara ya baiskeli moja yaweza kuwa hasara ya masomo yote ya mtoto.

Makosa yanayoonekana mara nyingi

Kosa la kwanza ni kuzirundika baiskeli pamoja. Moja ikianguka, huangusha zote, na pedeli ya hii huingia katika spoki za ile. Jioni mtoto hukuta breki haishiki au gurudumu linayumba, wala hajui amlaumu nani.

Kosa la pili ni kuziacha juani na mvuani. Jua kali hukausha mpira wa tairi mpaka ukapasuka. Mvua hutia kutu mnyororo na waya za breki.

Kosa la tatu ni kuchagua mahali pa mafichoni, mathalan nyuma ya vyoo au nyuma ya ghala, kwa kusudi la kuzificha wezi. Mambo huwa kinyume. Mahali pasipoonekana na mwalimu ndipo mwizi apatakapo, maana hapo aweza kufungua nati bila haraka.

Kosa la nne ni kutengeneza vibao au vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele peke yake. Huonekana vizuri, lakini baiskeli ikisukumwa upande, uzito wake wote hulemea gurudumu hilo na kulipinda. Tena mwizi akilifungua gurudumu, huliacha pale na kwenda na baiskeli.

Kuchagua mahali

Chagua mahali karibu na lango na panapoonekana kutoka katika dirisha la ofisi au la chumba cha walimu. Pawe na mwinamo kidogo ili maji ya mvua yasituame, na pawekwe changarawe au muramu iliyoshindiliwa. Pasiwe katika njia ya watoto wanaotoka mbio darasani, wala karibu na uwanja wa mpira.

Kama hapana fedha za paa, kivuli cha mti chatosha kwa kuanzia. Lakini angalia ni mti gani. Mwembe hutoa kivuli chema. Mgunga haufai, kwa sababu miiba yake huanguka chini na kutoboa matairi kila siku. Hata penye mti mwema, ardhi ifagiliwe kila asubuhi ili kuondoa miiba na mbigili.

Jinsi ya kutengeneza

Njia iliyo bora ni ya pinde za chuma. Kila upinde ni bomba la chuma lenye unene wa milimeta 50 hivi, lililokunjwa au kuungwa mfano wa mlango mdogo usio na ubao. Kimo chake juu ya ardhi ni sentimeta 75, na upana wake ni sentimeta 80 hivi. Miguu yake hufukiwa sentimeta 30 katika saruji. Baiskeli 2 huegemezwa kwa kila upinde, moja upande huu na moja upande wa pili, na mwili wa baiskeli hufungwa kwenye chuma kwa mnyororo na kufuli. Bomba la meta 6 hutoa pinde 2.

Tuchukue mfano wa shule yenye baiskeli 40. Itahitaji pinde 20, yaani mabomba 10. Zipangwe katika safu 2 za pinde 10, na kati ya upinde na upinde iachwe nafasi ya meta 1, ili mtoto aweze kupitisha usukani bila kumsukuma mwenzake. Kila safu itakuwa na urefu wa meta 10. Kwa kuwa baiskeli ya mtu mzima ina urefu unaokaribia meta 2, kila safu hutaka upana wa meta 2, na katikati iachwe njia ya meta 2. Basi eneo lote ni meta 10 kwa meta 6, na paa la mabati la kipimo hicho litazifunika baiskeli zote.

Shule isiyoweza kununua chuma isikate tamaa. Nguzo za mkaratusi zaweza kutumika kwa mtindo ule ule: nguzo 2 zilizofukiwa sentimeta 60, na mti wa kulala juu yake uliofungwa kwa bolti. Sehemu iingiayo ardhini ipakwe dawa ya mchwa, na kila muhula fundi azitikise nguzo aone kama zimeoza. Kazi hii wazazi waweza kuifanya wenyewe kwa siku moja au mbili.

Kuzitunza na kuzilinda

Banda peke yake halilindi kitu. Hapana budi pawe na utaratibu, na utaratibu huo ufuatwe na wote, hata walimu.

1. Kila baiskeli iandikwe katika daftari: jina la mwanafunzi, darasa, rangi, na nambari iliyopigwa kwenye chuma, ambayo mara nyingi huwa chini ya pedeli au chini ya kiti. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

2. Mwanafunzi ashuke langoni na kuisukuma baiskeli yake mpaka bandani. Watoto wadogo wengi wameumizwa na wakubwa wapandao baiskeli kwa mbwembwe uwanjani.

3. Wakati wa masomo na wa mapumziko asiingie mtu bandani ila kwa ruhusa. Jioni mlinzi au kiranja asimame mlangoni na kuangalia kila mtu anatoka na iliyo yake.

4. Mnyororo upitishwe katika mwili wa baiskeli na gurudumu la nyuma pamoja. Kufunga gurudumu tu si kufunga.

5. Pampu moja na vifaa vya kuziba pancha viwekwe ofisini. Pancha ndogo isimfanye mtoto asukume baiskeli kilometa 8 usiku unapoingia.

Ni kazi ya nani?

Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, shule za serikali za Kenya zina Bodi za Usimamizi. Basi shauri hili laweza kuletwa mbele ya bodi na mkutano wa wazazi. Yafaa mwalimu mkuu aende mkutanoni akiwa na hesabu mkononi: baiskeli ni ngapi, zimeibwa ngapi, na banda litagharimu shilingi ngapi. Katika mpango wa baiskeli wa Zambia, shule huwa na kamati ya wazazi na walimu ya kuzisimamia, na mafundi wa vijijini hufundishwa kuzitengeneza. Sisi nasi twaweza kufanya hivyo.

Huenda mzazi asiye na baiskeli akauliza kwa nini atoe mchango wake. Ajibiwe kwa upole kwamba banda halijengwi kwa ajili ya baiskeli za mwaka huu tu. Huenda mwakani mwanawe akawa na yake. Hata hivyo si haki mchango uwe sawa kwa wote. Mwenye baiskeli atoe fedha. Asiye nayo, akipenda, atoe kazi ya mikono ya siku moja.

Kesho asubuhi, Bwana Mwalimu au Bibi Mwalimu, simama langoni uzihesabu baiskeli ziingiazo. Kisha adhuhuri nenda ukatazame zimewekwa wapi. Utakayoyaona yatakuonyesha kazi ianzie wapi. Haba na haba hujaza kibaba: hata ukianza na pinde 5, baiskeli 10 zitakuwa salama, na watoto 10 watasoma kwa moyo uliotulia.