Ayala Wenye Maumbile Yasiyo ya Kawaida

Je, umepata kumwona mwana-mbuzi aliyezaliwa na mguu wa tano? Watu wengi humwogopa mnyama wa namna hiyo. Husema kuwa ni nuksi, kisha humwua upesi. Mwanasayansi hafanyi hivyo. Yeye humchunguza na kujiuliza: Jambo hili limetokeaje? Leo tutauliza swali hilo kwa kumtazama ayala.

Ayala hufanana na swala, lakini si swala. Mapori ya Afrika Mashariki hayana ayala. Makao yake ni Marekani, Ulaya na Asia. Tofauti kubwa iko katika pembe. Pembe ya swala ni mfupa uliovikwa ganda gumu, nayo hudumu maisha yote. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu. Kila mwaka huanguka, na nyingine huota mahali pake. Inapoota hufunikwa na ngozi laini kama mahameli, yenye mishipa mingi ya damu. Pembe ikikomaa ngozi hiyo hukauka, na dume huibandua kwa kujisugua mitini.

Sasa fikiri. Itakuwaje pembe ikigongwa ingali laini? Itakua imepinda, au itachipua tawi mahali pasipostahili. Lakini mwaka utakaofuata ayala yule yule aweza kuota pembe nzuri kabisa, maana ile mbovu imekwisha kuanguka. Ikiwa kilichoumia ni shina la pembe lililo katika fuvu, kasoro yaweza kurudi mwaka baada ya mwaka. Tena liko jambo la kushangaza zaidi: ayala akivunjika mguu wa nyuma wa kulia, mara nyingi pembe inayoharibika ni ya kushoto.

Mwendo huu wote wa pembe huongozwa na homoni itokayo katika korodani. Dume akiumia korodani pembe zake zikiwa bado na ngozi laini, hazikomai wala hazianguki. Huendelea kuvimba na kuota vinundu, hata zikafanana na mpungate. Kinyume chake, jike mwenye homoni hiyo kwa wingi kuliko kawaida huweza kuota pembe ndogo, na baadhi ya majike hao huzaa watoto kama wenzao. Usisahau, lakini, kuwa iko aina moja ya ayala katika nchi za baridi kali za kaskazini ambayo majike wake pia kwa kawaida huota pembe. Huko jike mwenye pembe si ajabu hata kidogo.

Katika mji wa Prato, Italia, mwaka 2008 watu walionyeshwa ayala mdogo mwenye pembe moja tu, katikati ya kichwa. Pacha wake alikuwa na pembe mbili.

Kasoro nyingine ni ugonjwa. Vinundu vyeusi visivyo na nywele katika ngozi ya ayala huletwa na virusi. Mara nyingi hunyauka vyenyewe.

Ayala mweupe hana ugonjwa wala jeraha. Amerithi. Mtoto huweza kuzaliwa mweupe kwa wazazi wa rangi ya kahawia, ikiwa wote wawili wamebeba chembe ya urithi wa weupe bila wao kuonekana weupe. Katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 1941 jeshi lilizungushia ua ghala la silaha lililoitwa Seneca, na ayala wakafungiwa ndani. Baadaye wakaonekana weupe, na mkuu wa jeshi mahali pale akakataza wasipigwe risasi. Kwa kuwa walizaana wao kwa wao, weupe waliongezeka hata wakafika karibu 200. Macho yao ni ya kahawia, kwa hiyo hao si wenye ualbino. Ayala mwenye ualbino macho yake huwa ya rangi ya waridi.

Nje ya ua mambo ni mengine. Mnyama mweupe huonekana kutoka mbali, na adui humwona kwanza. Katika kaunti ya Garissa, Kenya, twiga jike mweupe na mtoto wake waliuawa na majangili. Mifupa yao ilipatikana mwaka 2020.

Binadamu mwenye ualbino naye amepata hali yake kwa urithi, kutoka kwa baba na kwa mama pia. Si laana, wala mama yake hakukosa lolote.

Maswali

1. Kwa nini pembe ya swala ikivunjika haioti tena, lakini ya ayala huota?
2. Ayala mmoja ana pembe iliyopinda mwaka huu. Utahitaji kumtazama kwa muda gani ili ujue kama shina la pembe limeumia? Eleza.
3. Tuseme pacha wa yule ayala wa Prato alikula chakula kile kile na kuishi mahali pale pale. Je, chakula chaweza kuwa sababu ya pembe moja?
4. Waulize wafugaji wa kijijini kwenu kuhusu mnyama aliyezaliwa na umbo lisilo la kawaida. Andika walichokiona, kisha, katika ukurasa mwingine, walichokidhani.