Pikapu ya Dizeli: Pima Kwanza, Nunua Mwisho

Nyumbani kwa wengi wetu kuna pikapu kuukuu ya dizeli, nayo ndiyo ipelekayo ndizi sokoni na wagonjwa hospitali. Siku inapokataa kuwaka, kila mtu huwa fundi. Mmoja asema, "Badilisha nozeli!" Mwingine asema, "Nunua betri!" Fedha zatoka, na motokaa ingali imelala. Pengine fedha hizo ndizo zilizokuwa karo ya mtoto. Kwa hiyo nataka kueleza jinsi ya kupima kabla ya kununua.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Katika Toyota Hilux yenye injini ya 2L, hewa hubanwa ndani ya silinda hata ikabaki kama sehemu 1 kwa 22 ya ujazo wake. Hewa iliyobanwa hivyo huwa moto kupita digrii 500. Ndipo nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe. Basi yahitajiwa mambo matatu: mzunguko wa kasi, mafuta yasiyo na hewa, na joto. Tuyachunguze kwa taratibu hiyo.

Kwanza, mzunguko. Stata ikizunguka polepole, tazama vichwa vya betri na waya unaoishia kwenye mwili wa motokaa. Visafishe, uvikaze. Betri nzima iliyopumzika huonyesha kama volti 12.6. Stata inapozunguka, ikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au stata yavuta umeme kupita kiasi.

Pili, mafuta. Ikiwa stata yazunguka vyema lakini hakuna moshi wowote nyuma, mafuta hayafiki. Fungua ufunguo na usikilize pampu ya nozeli: yapasa kusikika mlio mdogo, "tap", wa kizibo cha umeme kinachofungulia mafuta. Usiposikika, fuata waya wake. Kisha legeza skrubu ya kutolea hewa, ukandamize pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka mapovu yaishe. Yakirudi kesho yake, tafuta bomba lililopasuka au mshipi uliolegea. Angalia! Usiweke kidole mbele ya mafuta yatokayo kwenye nozeli. Nguvu yake hutoboa ngozi, na jeraha hilo ni la kupelekwa hospitali upesi.

Tatu, joto. Moshi mweupe wakati wa kuzungusha waonyesha kwamba mafuta yafika lakini hayawaki. Hali hii huonekana sana katika miinuko ya baridi kama Kabale, iliyo karibu mita 2,000 juu ya bahari. Pima plagi za kupasha joto. Ondoa ukanda wa chuma unaoziunganisha, funga waya mmoja wa taa ndogo ya volti 12 penye chanya ya betri, na kwa waya wa pili gusa kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani wa plagi haujakatika. Isipowaka, plagi imekufa. Badilisha iliyokufa tu. Plagi zote zikiwa nzima na moshi ungali mweupe, huenda silinda zimelika, na hapo mwite fundi.

Sasa springi. Wengi wakiona nyuma imeinama hununua shokomzoba. Lakini shokomzoba haibebi mzigo. Kazi yake ni kutuliza mrusho. Mzigo hubebwa na majani ya springi. Sukuma pembe ya motokaa kwa nguvu, kisha uiachie: ikiendelea kuruka-ruka, shokomzoba imechoka. Ikiwa upande mmoja umeinama, tafuta jani lililovunjika.

La hatari zaidi ni bolti ya katikati inayoyashika majani pamoja. Bolti zenye umbo la U zikilegea, ile ya katikati hukatika, na ekseli husogea. Pima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka mwanzo wa springi, kulia na kushoto. Vipimo visipolingana, usipakie watu wala usishuke mlima na motokaa hiyo. Kaza bolti za U baada ya kila matengenezo ya springi, na uzikaze tena baada ya safari ya siku chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu mliokwisha kuondoka shuleni, ninyi ndio wenye motokaa. Taa ndogo, kamba na spana ni rahisi kuliko betri mpya, na vyaweza kuokoa maisha ya abiria wenu.