Paka mzee tumbo likimsumbua

Paka aliyevuka miaka 10 akianza kutapika au kuharisha, wengi hapa Ndabibi hukimbilia agroveti kununua dawa ya minyoo. Mara nyingine inasaidia. Lakini paka mzee anayekonda anaweza kuwa na ugonjwa wa figo, wa tezi ya thairoidi, wa kongosho au wa utumbo wenyewe. Peleleza kwanza, pesa baadaye.

Mpime uzito leo. Mtie kwenye kiondo, uweke juu ya mizani ya dukani, kisha utoe uzito wa kiondo. Rudia kila wiki na uandike kwenye simu. Usitegemee macho, manyoya huficha mifupa. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400, mpeleke kwa daktari.

Kagua kinyesi. Paka wa shamba hujisaidia kwenye mahindi, huoni kitu, kwa hiyo mfungie chumbani siku mbili na karai la mchanga. Kinyesi kingi cha majimaji, mara chache kwa siku, huelekeza kwenye utumbo mwembamba. Kidogo kidogo kila saa, chenye ute na damu mbichi, ni utumbo mpana. Kinyesi cheusi ti ni damu iliyotoka juu, usilaze siku. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele, hiyo ni tegu, aliyoipata kwa panya au viroboto.

Akichuchumaa na kujikamua bila kutoa kitu, angalia kama anakojoa. Dume aliyezibwa mkojo anaweza kufa upesi. Huyo aende sasa hivi.

Mkatie maziwa. Najua yapo tele nyumbani, lakini paka wengi wazima huharishwa nayo. Mpe kuku wa kuchemsha, bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Usimshindishe njaa ili "tumbo lipumzike". Paka asiyekula siku nzima ni wa kupigiwa daktari simu. Zikizidi siku mbili tatu, mafuta huanza kujaa kwenye ini.

Ngozi ya paka mzee haikwambii kama amepungukiwa maji, kwani imeshalegea. Gusa ufizi. Ukinata kidoleni, anahitaji maji ya daktari.

Parasetamoli humuua paka. Usimpe hata kipande. Dawa ya minyoo ya mbuzi na dawa ya kupe ya ng'ombe ziache zizini.

Madaktari wengi wa huku wamezoea ng'ombe wa maziwa, kwa hivyo piga simu kabla ya kupanda matatu kwenda Naivasha. Uliza: unatibu paka? Unapima damu? Umesajiliwa na Kenya Veterinary Board? Kesi ngumu zipeleke kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete. Beba kinyesi kibichi kwenye kopo safi, na video ya paka akitapika.

Omba vipimo vya figo, sukari na homoni ya thairoidi. Paka anayekula kwa pupa huku akikonda, shuku thairoidi au kisukari. Anayekunywa maji mengi na kunuka mdomo, shuku figo.

Damu ikiwa safi, jaribu chakula kabla ya dawa kali. Nyama ya sungura peke yake, kama hajawahi kuila, wiki mbili au zaidi. Hakuna mabaki ya mezani, hakuna kuwinda ghalani. Panya watashukuru, vumilia. Asipopata nafuu, daktari atataka ultrasaundi, pengine na kipande cha utumbo, ili atofautishe uvimbe wa muda mrefu na saratani ya limfoma. Usikubali dawa ya predinisoloni kabla ya hatua hiyo kujadiliwa, maana huweza kuificha limfoma. Uliza bei mapema. Kama huimudu, mwambie daktari waziwazi, mpange pamoja. Uliza pia kuhusu sindano za vitamini B12. Utumbo mgonjwa hushindwa kuifyonza.

Kumpa kidonge: mfunge taulo, mwinue kichwa, kitupe nyuma kabisa ya ulimi. Kisha mpe maji mililita 5, polepole, kwa bomba la sindano lisilo na ncha, pembeni mwa mdomo, kwa sababu kidonge kikavu hukwama kooni na kuliunguza.